Kusimamia Usafishaji wa Maji ya Ardhini Karibu na Dampo: Mwongozo Kamili kwa Kamati za Mitaa na Vijiji vya Mwanza

Dampo likishaanza kuvujisha uchafu kwenye maji ya ardhini, kazi ya kuyasafisha huwa ya wataalamu, lakini kazi ya kuhakikisha kwamba usafishaji umefanyika kweli haiwezi kuachwa kwao peke yao. Dampo la mji kwa kawaida ni mali ya halmashauri. Halmashauri hiyohiyo ndiyo yenye afisa mazingira, ndiyo inayomlipa mkandarasi wa kuzoa taka, na mara nyingi ndiyo inayopokea kwanza majibu ya maabara. Mwenye dampo na msimamizi wa dampo wanakuwa mtu mmoja. Hata pale ambapo kila mtumishi ni mwadilifu, mpangilio wa namna hiyo huacha pengo, na pengo hilo ndilo linalopaswa kuzibwa na kamati ya wakazi yenye daftari lake, vipimo vyake na nakala zake za majibu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wajumbe wa kamati za mazingira za mitaa na vijiji, madiwani, viongozi wa vyombo vya watumia maji na wakazi wanaochota maji upande wa bondeni kutoka kwenye dampo, iwe ni ndani ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela au katika wilaya jirani za Magu, Misungwi na Sengerema. Hautuhumu dampo lolote mahususi. Unaeleza hatua za kuchukua pale ambapo uchafuzi umethibitika au unashukiwa kwa sababu za msingi.

Jinsi maji yanavyopita chini ya miamba yetu

Sehemu kubwa ya Mwanza imekaa juu ya mwamba wa graniti, ule ule unaoonekana kwenye vilima vya mawe kuanzia Bismarck hadi Mabatini. Mwamba mzima haupitishi maji. Maji ya ardhini hukaa katika tabaka la juu lililolainika kwa jua na mvua za karne nyingi hadi likawa changarawe na udongo, na chini yake hukaa ndani ya nyufa. Katika tabaka la juu uchafu husafiri polepole na kwa mwelekeo unaoweza kukadirika. Ndani ya nyufa unaweza kukimbia mbali, ukakiruka kisima kilicho umbali wa mita 50 na kutokea kwenye kisima kilicho umbali wa mita 300. Mabondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga, watu wengi huamini kwamba mfinyanzi unazuia kila kitu. Huzuia ukiwa umelowa. Mwezi wa Septemba udongo huo huwa umepasuka, na mvua za kwanza za vuli hupita kwenye mipasuko hiyo kabla haijajifunga.

Kinachochafua ni majimaji yanayotoka kwenye taka: mvua hupenya ndani ya lundo, huchanganyika na mabaki yanayooza, kisha hutokea chini ikiwa nyeusi na yenye harufu kali. Huwa na chumvi nyingi, hasa kloraidi, pamoja na amonia na mabaki ya viumbe yanayokula hewa ya oksijeni iliyomo kwenye maji, na wakati mwingine metali kama risasi, kadimiamu na zebaki kutoka kwenye betri na vifaa vya umeme. Jambo moja husahauliwa mara kwa mara. Oksijeni ikiisha ardhini, madini ya chuma na manganizi yaliyokuwemo kwenye udongo wenyewe huyeyuka na kuingia kwenye maji. Kisima kilichoanza kutoa maji yanayogeuka rangi ya kutu yakikaa kwenye ndoo usiku kucha huenda kinaonyesha athari ya dampo hata kama chuma hicho hakikutoka kwenye taka.

Hatua ya kwanza: Kamati yenye uhalali na yenye kumbukumbu

Kamati isiyotokana na mkutano mkuu wa mtaa au mkutano mkuu wa kijiji hupuuzwa kirahisi. Kwa hiyo suala lianze katika mkutano huo, wajumbe wachaguliwe kwa majina, muhtasari uandikwe na kusainiwa na mwenyekiti pamoja na afisa mtendaji, kisha upelekwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ili diwani aweze kulibeba jambo hilo hadi kwenye vikao vya halmashauri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kamati za mazingira katika ngazi za chini za serikali za mitaa, na inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, pamoja na haki ya kwenda mahakamani pale haki hiyo inapotishiwa. Kamati inayoeleza msingi huu katika barua yake ya kwanza husikilizwa tofauti na kundi la walalamikaji.

Wajumbe wasizidi kumi. Awepo mtu mmoja anayeweza kuandika kumbukumbu bila kuchoka, mwalimu wa sayansi wa shule ya sekondari iliyo karibu kama anapatikana, akina mama wawili au watatu wanaochota maji kila siku, na mchambua taka mmoja anayefanya kazi dampo. Huyu wa mwisho mara nyingi huachwa nje, nami naona ni kosa, kwa kuwa ndiye anayejua majimaji yanatokea upande gani wakati wa mvua, taka za hospitali zilifukiwa wapi, na gari gani huingia usiku. Suala la posho lizungumzwe wazi siku ya kwanza. Kamati ikianza kulipwa posho za vikao na mkandarasi au na mwenye dampo, imeshakuwa ya mlipaji.

Hatua ya pili: Linda watu kabla ya kulinda maji

Usafishaji huchukua miaka. Watu wanakunywa leo. Kabla ya kubishana kuhusu pampu na mitambo, kamati ipite nyumba kwa nyumba na kuorodhesha kila chanzo cha maji kilichopo upande wa bondeni: visima virefu vya watu binafsi, visima vya pampu ya mkono, visima vifupi vya kuchimba kwa jembe, chemchemi na madimbwi ya kunyweshea ng'ombe. Kwa kila chanzo yaandikwe mahali kilipo kwa kusoma alama za GPS kwenye simu, mwaka kilipochimbwa, kina chake, matumizi yake, kaya ngapi zinakitegemea, na umbali wake kutoka kwenye choo cha shimo kilicho karibu. Hili la choo litakuwa na maana kubwa mbele.

Chanzo chenye dalili mbaya kisitumike kwa kunywa na kupikia hadi majibu yatoke. Hapa watu waelezwe ukweli ambao wengi hawaujui: kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi risasi, naitreti (aina ya naitrojeni inayotokana na kinyesi na mbolea) wala chumvi, bali huziongezea ukali kwa kuwa maji hupungua na vitu hivyo hubaki sufuriani. Vidonge vya klorini navyo haviondoi metali. Watoto wachanga chini ya miezi sita wanaonyweshwa maziwa ya kopo yaliyochanganywa na maji yenye naitreti nyingi ndio walio hatarini zaidi, kwa sababu damu yao hushindwa kubeba oksijeni na ngozi yao hubadilika kuwa ya kibuluu. Kamati iombe kwa maandishi kioski cha maji kutoka MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, kama eneo limo ndani ya mtandao wake, au kutoka RUWASA, wakala wa maji vijijini, na chombo cha watumia maji kama ni kijijini, na gharama hiyo idaiwe kuwa sehemu ya mradi wa usafishaji, kwa kuwa anayechafua ndiye anayepaswa kulipa.

Hatua ya tatu: Kusanya nyaraka zote

Nyaraka za kudai ni cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira cha dampo pamoja na masharti yake, ripoti za ukaguzi wa mazingira za kila mwaka, michoro ya dampo inayoonyesha kama chini kuna tandiko la plastiki nzito au udongo ulioshindiliwa, kumbukumbu za visima vya uchunguzi tangu vilipochimbwa, vibali vya kutiririsha majitaka, na mkataba wa mshauri elekezi pamoja na hadidu zake za rejea.

Barua iende kwa Mkurugenzi wa halmashauri, na nakala ziende NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) ofisi ya Kanda na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake yako hapa Mwanza na ambayo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ndiyo yenye mamlaka ya vibali vya kutumia maji na vya kutiririsha majitaka katika bonde hili. Peleka nakala mbili masjala, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ombi litaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa siku zisizozidi 30 kujibu. Barua isiyo na mhuri wa masjala huweza kusemwa haikufika, na siku hizo 30 hazina pa kuanzia kuhesabiwa.

Hatua ya nne: Jua maji yanaelekea wapi

Kila mtu Mwanza atakwambia maji yanaelekea ziwani. Kwa ujumla ni kweli, lakini kisima kimoja chenye pampu kubwa ya umeme kinaweza kuyavuta upande mwingine, na ufa mmoja wa mwamba unaweza kuyapeleka pembeni. Mwelekeo hupatikana kwa visima vitatu vilivyokaa kama pembetatu. Mpima ardhi apime mwinuko wa mdomo wa kila kisima, alama ya rangi ichorwe kwenye mdomo huo, na kina cha maji kipimwe kila mara kutoka kwenye alama hiyo hiyo, visima vyote kwa siku moja, kabla pampu hazijawashwa asubuhi.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mdomo wa kisima cha juu uko mita 1,168.40 kutoka usawa wa bahari na maji yako mita 9.10 chini ya alama. Usawa wa maji ni 1,159.30. Kisima cha pili kina mdomo kwenye 1,163.20 na maji mita 5.80 chini, yaani 1,157.40. Cha tatu ni 1,161.75 kutoa 6.05, yaani 1,155.70. Maji yanatoka kisima cha kwanza kuelekea upande wa cha tatu. Angalia kwamba kisima cha pili kina maji karibu zaidi na uso wa ardhi kuliko vyote, na mtu aliyetazama kina peke yake angekosea mwelekeo.

Mhandisi wa mradi aombwe pia kukadiria mwendo wa uchafu. Hesabu yenyewe haina siri: uwezo wa udongo kupitisha maji huzidishwa kwa mteremko wa maji, kisha hugawanywa kwa sehemu ya udongo iliyo wazi. Ikiwa udongo unapitisha nusu mita kwa siku, mteremko ni mita 2 kwa kila mita 100, na sehemu iliyo wazi ni asilimia 10, maji yanasogea sentimita 10 kwa siku, yaani takriban mita 36 kwa mwaka. Makadirio hayo ni ya tabaka la juu tu. Kama mshauri elekezi anatumia namba ya aina hiyo kwa eneo lenye miamba iliyopasuka bila kusema lolote kuhusu nyufa, ripoti yake irudishwe.

Idadi ya chini ya visima vya uchunguzi inayotajwa katika maelekezo ya Umoja wa Ulaya kuhusu madampo, ya mwaka 1999, ni kimoja upande maji yanakotoka na viwili upande yanakoelekea. Kwa mwamba wetu wenye nyufa naona viwili vya bondeni ni vichache mno. Vinne ni mwanzo mzuri, viwili vifupi katika tabaka la juu na viwili virefu vinavyogusa nyufa. Kisima cha upande wa juu kisiachwe kamwe, kwa maana bila hicho hakuna anayeweza kutofautisha uchafu wa dampo na hali ya asili ya maji ya eneo hilo.

Hatua ya tano: Siku ya kuchukua sampuli

Kamati iwepo. Iandikwe kwenye mkataba kwamba tarehe ya sampuli itatangazwa kwa kamati siku saba kabla, na kwamba mjumbe mmoja atasaini fomu ya makabidhiano ya sampuli.

Maji yaliyosimama ndani ya bomba la kisima si maji ya ardhini. Yatolewe kwanza, kwa kawaida mara tatu ya ujazo uliomo kisimani, au hadi vipimo vya joto, asidi na upitishaji umeme vitulie. Sampuli ya metali hupitishwa kwenye chujio laini na kutiwa tone la asidi papo hapo ili metali isigande kwenye kuta za chupa. Ni vizuri chupa nyingine ijazwe bila kuchujwa, kwa sababu watu kijijini hawachuji maji yao kwa chujio la maabara kabla ya kunywa, na tofauti kati ya chupa hizo mbili hueleza mengi. Sampuli ya vijidudu huwekwa kwenye chupa iliyotakaswa, ndani ya kasha lenye barafu, na ifike maabara ndani ya saa 24. Mwanza ina bahati katika hili: maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji ipo hapa hapa, na ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali Kanda ya Ziwa nayo ipo.

Kuna njia moja ya bei nafuu ya kupima uaminifu wa kazi nzima. Kwa kila sampuli kumi, kamati iombe chupa mbili zijazwe kutoka kisima kimoja, na ile ya pili ipewe namba ya kisima kisichokuwepo. Maabara haitajua. Majibu ya chupa hizo pacha yakipishana sana, kuna tatizo katika uchukuaji au upimaji, na ni heri ligundulike mwezi huo kuliko miaka mitatu baadaye.

Sampuli zichukuliwe mara nne kwa mwaka. Bajeti ikibana, basi angalau mwishoni mwa masika mwezi Mei na mwishoni mwa kiangazi mwezi Septemba. Anayelinganisha majibu ya Septemba mwaka jana na ya Mei mwaka huu kisha akatangaza mafanikio huenda amepima mvua tu.

Kati ya awamu hizo, kamati iwe na kipimo chake cha mkononi cha upitishaji umeme. Hakigharimu sana, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kukitumia. Chumvi ikizidi, maji hupitisha umeme zaidi. Maji ya Ziwa Victoria yana chumvi kidogo, takriban maikrosimenzi 100 kwa sentimita. Maji ya visima vyetu huwa juu ya hapo, na majimaji ya dampo hufika maelfu. Namba moja haithibitishi chochote. Kisima kilichokuwa kikisoma 450 kila mwezi kisha kikaanza kupanda 520, 610, 740 kinatoa taarifa mapema kuliko maabara yoyote.

Hatua ya sita: Kusoma majibu ya maabara

Hapa ndipo kamati nyingi hukwama, na hapa ndipo mwenye nia ya kuficha hupata nafasi. Dai lenu la kwanza liwe majibu ghafi ya maabara yenye mhuri, siyo jedwali lililoandikwa upya na mshauri elekezi.

Anzeni na neno "haikuonekana". Karibu na neno hilo pawepo kiwango cha chini ambacho mtambo wa maabara unaweza kukiona. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa risasi kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 0.01 kwa lita. Ikiwa mtambo uliotumika hauoni chini ya 0.05, basi jibu la "haikuonekana" linaweza kuficha risasi mara nne ya ukomo. Majibu ya namna hiyo yarudiwe kwa mtambo wenye uwezo zaidi. Angalieni hivyo hivyo kwa aseniki, ambayo ukomo wake pia ni 0.01, na kadimiamu, ambayo ni 0.003.

Fuateni na naitreti, kwa kuwa huandikwa kwa namna mbili. Maabara nyingine huipima kama naitreti kamili, na ukomo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Nyingine huhesabu naitrojeni iliyomo tu, na ukomo unakuwa takriban 11. Kubadilisha ya pili kuwa ya kwanza unazidisha kwa 4.43. Ripoti inayosema 9 na ripoti inayosema 40 zinaweza kuwa zinazungumzia maji yale yale. Nimeshuhudia mabishano makali katika kikao cha kata yakitokana na tofauti hii tu, pande zote mbili zikiwa na haki na hakuna aliyesoma kichwa cha safu kwenye jedwali.

Kisha linakuja swali ambalo mwenye dampo ataliuliza kwanza: mnajuaje kwamba si vyoo vyenu? Swali hilo ni la haki. Katika mitaa iliyosongamana mlimani, vyoo vya shimo vinaweza kuchafua visima kuliko dampo. Namna ya kutofautisha ipo. Uchafu wa choo, pale penye hewa ya kutosha ardhini, huleta naitreti na kloraidi kwa pamoja, pamoja na vijidudu vya kinyesi. Majimaji ya dampo huleta kloraidi na amonia, lakini naitreti huwa ndogo kwa sababu oksijeni imekwisha. Huleta pia chuma na manganizi kwa wingi, potasiamu, na boroni. Kwa hiyo kisima chenye naitreti 90, amonia karibu na sifuri na chuma kidogo, ambacho orodha yenu ya hatua ya pili inaonyesha kipo mita nane kutoka chooni, kiondoeni kwenye madai dhidi ya dampo. Kamati inayokubali jambo hilo bila kusukumwa huaminika inapoleta kisima kingine chenye amonia 15 na manganizi mara kumi ya kile cha upande wa juu.

Chorweni mstari kwa kila kisima na kila kipimo, tarehe chini na kiasi pembeni, kwenye karatasi ya grafu. Kloraidi ndiyo ya kufuatwa kwa makini zaidi, kwa sababu haishikwi na udongo wala hailiwi na vijidudu. Hufika kwanza na hueleza mwendo wa maji yenyewe. Amonia na metali hufuata nyuma, wakati mwingine kwa miaka. Kisima ambacho kloraidi yake inapanda leo huenda kikawa na amonia kesho kutwa.

Hatua ya saba: Kuhoji mpango wa usafishaji

Swali la kwanza kwa kila mpango ni chanzo. Kama mvua bado inaingia kwenye lundo na majimaji bado yanatoka chini, pampu itasafisha maji yanayochafuliwa upya kila siku. Mpango mzuri huanza kwa kufunika taka kwa udongo wa mfinyanzi wenye mteremko, kuchimba mitaro ya kugeuza maji ya mvua yanayoshuka kutoka mlimani, na kukusanya majimaji kwenye bwawa lenye tandiko lisilovuja. Bwawa hilo likaguliwe na kamati kila mwezi wa mvua. Bwawa linalofurika mwezi Aprili halina maana hata kama lilikuwa na nafasi mwezi Julai.

Njia ya kuvuta maji machafu na kuyasafisha juu ya ardhi ni ghali kwa umeme na kwa matunzo. Mhandisi aonyeshe kwa ramani eneo ambalo visima vyake vya kuvutia vitalinasa, na aeleze maji yaliyosafishwa yatamwagwa wapi na kwa kibali gani. Kuyamwaga kwenye korongo linaloshuka ziwani bila kibali cha Bodi ya Bonde ni kuhamisha tatizo hadi kwenye maji ya kina kifupi ambako sato huzaliana. Mabwawa ya matete na mafunjo yanaweza kusaidia kupunguza amonia mwishoni mwa mfumo, lakini hayabebi majimaji mazito peke yake, na tope lake lenye metali lazima liondolewe na lipelekwe mahali panapojulikana.

Mtaambiwa pia kuhusu kuacha asili ijisafishe. Njia hiyo inakubalika kisayansi pale ambapo chanzo kimezibwa, vipimo vya miaka kadhaa vinaonyesha uchafu unapungua na hausogei, na hakuna anayekunywa maji hayo. Pasipo masharti hayo matatu, ni jina zuri la kutofanya kitu.

Katika mkataba wa mkandarasi, angalieni malipo yamefungwa na nini. Mkandarasi anayelipwa kwa siku za kuendesha pampu ataendesha pampu. Sehemu ya malipo ifungwe na kushuka kwa vipimo katika visima vilivyotajwa kwa namba, na visima hivyo viwe vile vile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisima "kilichoharibika" katikati ya mradi na kubadilishwa na kingine chenye maji masafi ni jambo la kuandikia barua siku hiyo hiyo.

Hatua ya nane: Ufuatiliaji na kupandisha malalamiko

Kila robo mwaka kamati isome majibu hadharani katika mkutano mkuu wa mtaa, kwa lugha ya kawaida, kisima kwa kisima. Kumbukumbu za ujazo wa maji yaliyovutwa, saa ambazo pampu ilizimika na sababu zake ziletwe na mkandarasi kabla ya mkutano.

Jambo likikwama, lipande kwa ngazi na kwa maandishi: afisa mtendaji wa kata, Mkurugenzi, kisha NEMC, ambayo chini ya sheria ya mwaka 2004 ina uwezo wa kutoa amri za kuzuia na za kurejesha mazingira katika hali yake. Suala la vibali na vyanzo vya maji liende Bodi ya Bonde moja kwa moja. Nakala kwa Mkuu wa Wilaya haidhuru. Kila barua itaje kisima, tarehe, kipimo na ukomo wake. Malalamiko yanayosema "maji yananuka" pekee hufunguliwa faili na kusahaulika.

Hatua ya tisa: Kabla ya kukubali kwamba kazi imekwisha

Vipimo vikishuka chini ya ukomo pampu ikiwa inafanya kazi, bado hamjafika mwisho. Pampu ikizimwa, uchafu ulionasa kwenye nyufa na kwenye mfinyanzi huanza kutoka tena, na ndani ya msimu mmoja au miwili kisima kilichotangazwa safi hupanda. Kwa hiyo kamati isisaini hati yoyote ya kumaliza hadi pampu izimwe na sampuli zichukuliwe kwa robo nane mfululizo, yaani masika mbili na vuli mbili, bila kisima chochote kuvuka ukomo. Hati yenyewe iseme ni kipimo gani kikivukwa ndipo pampu itawashwa tena, na fedha za kuiwasha zitatoka kwenye fungu lipi.

Huko Marekani mwenye dampo lililofungwa hutakiwa kulitunza na kulipima kwa miaka 30. Muda kama huo unapita uhai wa kamati na vipindi vingi vya madiwani, hivyo nakala za daftari, grafu na ramani ya visima ziwekwe ofisi ya mtaa, ofisi ya kata na Bodi ya Bonde, na visima vya uchunguzi vifungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake mmoja unabaki mtaani. Mwisho, andikeni barua kwa idara ya ardhi ya halmashauri mkiomba eneo lililoathirika liwekwe alama kwenye ramani za mipangomiji kwamba kuchimba kisima hapo hakuruhusiwi. Viwanja vilivyo pembeni mwa madampo huuzwa rahisi, na mnunuzi wa kwanza akimaliza kujenga, kitu kinachofuata ni kumwita mchimba kisima.